Paka wa marehemu mama na paka wangu wamegoma kupatana, na anayehubiriwa humu ndani ni mimi

mama_kadogo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wale wa Tumsifu Yesu Kristo nao nawasalimu, na wasio wa huku wala kule habari zenu.

Niko Moshi mjini, huku Soweto. Nina paka wangu jike anaitwa Kadogo, ana miaka sita na hilo jina halimfai tena maana akishakaa kwenye kochi wewe mwenye nyumba unatafuta stuli. Miaka yote hiyo sita amekuwa mtoto pekee, dagaa wake peke yake, dirisha lake peke yake, na mimi wake peke yake.

Mwezi wa kwanza tulimzika mama kule Machame. Mama alikuwa na paka dume anaitwa Meku, yaani mzee kwa Kichagga, alimpa hilo jina kwa sababu ana manyoya meupe chini ya pua kama mzee aliyetoka kunywa mbege yenye povu. Msiba ulipoisha hakuna aliyemtaka. Mdogo wangu wa kiume ndo kabaki pale nyumbani akasema yeye hafugi paka (mi na yeye hatuongei, ntafika huko), basi nkamtia Meku kwenye boksi la mafuta ya kupikia nkalitoboa matundu nkapanda naye hiace. Kutoka Machame mpaka stendi alilia njia nzima, konda akaniambia mama huyo mtoto wako mbona ana sauti ya paka.

Sasa kosa langu ni hili. Nlivyofika nkafungua boksi katikati ya sebule, nkamwambia Kadogo huyu ni ndugu yako, mpokee. Nlisema hivyo hivyo kwa mdomo wangu. Aisee. Mkia wa Kadogo ulivimba ukawa kama ile brashi ya kuoshea chupa ya mtoto, akatoa mlio kama tairi limetoboka, na Meku naye badala ya kunyenyekea kwa kuwa ni mgeni akapanda pazia. Nlipoona wameshikana nkaingiza mkono kuamua. Meno manne, mbili juu mbili chini, hapa kwenye nyama ya kidole gumba. Hata sijui ni wa nani, wote wawili walikuwa wanaangalia pembeni kama wanafunzi waliovunja kioo.

Mithali 26:17 inasema mtu anayejitia kwenye ugomvi usio wake ni kama amemkamata mbwa masikio. Sulemani hakuandika habari za paka ila nadhani alijua.

Huu mwezi wa pili hali ni ile ile. Juzi jioni nko kwenye ibada yangu ya nyumbani, umeme umekatika, nimewasha mshumaa, nasoma Zaburi 133 kwa sauti, "Tazama, jinsi ilivyo vema, na kupendeza, ndugu wakae pamoja, kwa umoja", na hapo hapo nyuma ya kochi wanatukanana kwa lugha yao, na mi nkacheka, alafu kicheko kikakatika chenyewe. Maana nlikumbuka mi na mdogo wangu toka siku ya kikao cha msiba hatujapigiana simu.

Kwa hiyo naomba mawili. Moja, aliyewahi kupatanisha paka aniambie alifanyaje. Pili, kuna mwingine humu anayesomeshwa Neno na mifugo yake au ni mimi tu msiba umenizidi?

---

chalii_wa_pasua

Nimechukua siti ya mbele.

Dada ila swali la msingi, Meku ni rangi gani? Kama ni mweusi tii mrudishe usiku huu huu usisubiri komenti.

---

mama_kadogo

Hahaha chalii acha mambo yako. Ana madoa madoa kama ndizi iliyoiva sana. Na hata angekuwa mweusi, rangi ya manyoya ina kosa gani? Tunamkiri Mungu aliyeumba vyote Jumapili asubuhi, Jumatatu tunakimbia paka.

---

jembe_la_msalaba

Ntasema ukweli hata kama nitachukiwa. Wakristo wa siku hizi tunapenda sana kutafuta mahubiri kwenye vitu vya ajabu, mara paka mara kuku mara bodaboda. Neno lipo limekamilika, soma Neno. Paka ni mnyama hana roho ya kukufundisha wewe kitu. Pole kwa msiba.

---

mama_kadogo

Asante kwa pole kaka na sijakasirika. Lakini Mithali hiyo hiyo ndo inamtuma mvivu kwa chungu akajifunze, na Bwana mwenyewe aliposema waangalieni ndege wa angani hakusema wasomeni. Balaamu je? Nabii mzima, punda wake akaona malaika kabla yake. Sisemi paka wangu ni mwalimu. Nasema mi ni mgumu kusikia, kwa hiyo nasemeshwa na kilichopo karibu.

---

mzee_wa_uru

Tumsifu Yesu Kristo. Pole sana binti yangu kwa kufiwa na mama.

Kwanza nikuchekeshe. Ninyi Walutheri Biblia yenu yote haina paka hata mmoja, tafuta toka Mwanzo mpaka Ufunuo utakuta simba, chui, mbwa, nguruwe, mpaka pelele, paka hakuna. Sisi Wakatoliki tunaye. Kitabu cha Baruku sura ya 6, ile barua ya Yeremia, anazikejeli sanamu za Babeli kwamba popo na ndege wanazitulia kichwani, na paka nao. Yaani kazi ya paka kwenye Maandiko ni kukaa juu ya mungu wa uongo akiwa hana habari. Kwa hiyo Kadogo akikalia kochi lako ujiulize.

Pili, wewe ni wa mlimani, hukusimuliwa Kibo na Mawenzi, vile vilele vya Kilimanjaro? Babu yangu alitusimulia kwamba walikuwa jirani, na Mawenzi alikuwa mvivu, moto wake unazimika kila mara anakuja kwa Kibo kuomba. Anapewa na moto anapewa na cha kula. Siku moja akaja mara nyingi mno, Kibo akachoka akambamiza, ndo maana mpaka leo Mawenzi ana mapengo na Kibo kichwa kimekaa vizuri. Nilipokuwa mtoto nilimcheka Mawenzi. Sasa hivi nikiamka asubuhi kukiwa kweupe nikawatazama wote wawili najiuliza, huyu Kibo na mita zake 5,895 alishindwa nini kumwambia mwenzake kwa maneno kwamba jamani nimechoka, akasubiri mpaka akamvunja?

---

daktari_wa_ngombe

Habari ya humu. Mi ni daktari wa mifugo, kazi yangu kubwa ni ng'ombe wa maziwa lakini paka nao wananijia. Nina la haraka alafu la polepole.

La haraka: huo mkono. Umeenda hospitali? Jino la paka ni jembamba kama sindano, tundu linafunga juu uchafu unabaki chini, kesho yake mkono umevimba. Na kichaa cha mbwa hakiishii kwa mbwa, paka anakibeba vile vile. Kwa yeyote anayesoma hapa, ukiumwa osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, hesabu kwa saa sio kwa kukisia, alafu nenda ukaelezee upewe chanjo. Usipake mkaa, usipake mafuta ya taa, usisubiri uone.

La polepole. Dada ulichofanya wanakifanya wengi na nia yako ilikuwa nzuri. Ila jiweke kwa Kadogo. Paka anaijua nyumba yake kwa pua. Ana tezi mashavuni, pale anapojisugua kwenye mguu wa meza au kwenye mguu wako anaacha harufu yake, anakupaka (ndo maana anaitwa paka, natania). Nyumba nzima imeandikwa jina lake, wewe hulisomi ila yeye analisoma kila anapopita. Ghafla boksi linafunguliwa linatoka dume lina harufu ya moshi wa jikoni kwingine. Hapo hakuna chuki, kuna mpaka.

Fanya hivi. Watenganishe kabisa, Meku chumba chake, mlango ufungwe. Wasionane. Kila mmoja bakuli lake, maji yake, na beseni lake la choo, tena ongeza moja, paka wawili mabeseni matatu, weka maranda kutoka kwa fundi seremala yanatosha. Chakula wape wakati mmoja pande mbili za mlango huo huo, kwanza mbali alafu kila siku sogeza bakuli kidogo. Wajifunze kwamba harufu ya yule inakuja pamoja na dagaa. Chukua kitambaa anacholalia huyu mpelekee yule. Usimlazimishe anuse, kiache tu. Mlango ufungue kidogo baada ya wiki kadhaa sio siku kadhaa. Na wakishikana usiingize mkono, ingiza mto au kipande cha boksi katikati yao.

Meku amehasiwa? Kama bado, mlete au mpeleke kwa daktari aliye karibu nawe. Dume zima litakukojolea kila kona na ugomvi hautakwisha hata umwombee usiku na mchana.

---

chalii_wa_pasua

Meku dume la Kimachame limetoka kijijini limefika mjini tu linaambiwa likahasiwe. Dunia haina huruma.

---

jembe_la_msalaba

Daktari ameongea vizuri. Hayo ndo maarifa, sio mahubiri.

---

alto_wa_kanisani

Kwangu ni vyote viwili kaka Jembe. Mi ni mwanakwaya, sitataja usharika. Kwaya yetu tulikuwa na akina mama wawili wa sauti ya kwanza hawasalimiani mwaka mzima, chanzo ni kitenge cha sare, mmoja alinunua akakuta mwenzake keshachagua kingine. Mwalimu akaamua kutupatanisha, akawasimamisha mbele ya kwaya nzima akawaambia shikaneni mikono tuombe. Wakashikana, tukaimba, tukapiga makofi. Jumapili iliyofuata mmoja hakuja na hajarudi mpaka leo, anasali kwingine. Nimesoma ya Kadogo na boksi la mafuta ya kupikia nkasema ndo sisi hawa. Tulifungua boksi katikati ya sebule.

Mnajua Paulo kwa Wafilipi 4 alivyofanya? "Namsihi Euodia, namsihi na Sintike, wawe na nia moja katika Bwana." Neno "namsihi" kalisema mara mbili, kila mmoja lake. Hakuwaweka kwenye sentensi moja akamaliza. Alafu hasemi walikosana nini, na hasemi nani alianza, anasema tu kwamba hao wanawake waliishindania Injili pamoja naye, na anamwomba mwenzake mwingine awasaidie. Bakuli mbili hizo, mlango mmoja.

---

mama_kadogo

Alto umenimaliza, nimesoma nkaenda kusimama jikoni bila sababu.

Daktari asante sana, mkono nlienda siku ile ile, sindano nachoma kwa tarehe walizonipa. Meku nimemhamishia chumba cha stoo, nimetoa magunia ya mahindi, ana kadirisha kake anaangalia bodaboda zinavyopita. Maranda nimepata bure, fundi kaniuliza za kazi gani nkasema choo cha paka, kaita wenzake waje wasikie.

Kuhusu kitambaa. Meku alikuja na kitenge cha mama, kile alichokuwa anakilalia kwenye kiti cha jikoni, sikukifua. Jana nimekitoa stoo nkakiweka chini ya dirisha la Kadogo. Alikizunguka mara tatu hajakikanyaga. Akaondoka. Usiku wa manane nimeamka kwenda chooni namulika na simu namkuta amekalia ncha yake tu, pindo, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha ugenini. Na mi nlikuwa sijakigusa hicho kitenge toka Machame, nlikuwa nakibeba kwa vidole viwili. Nkakaa chini kwenye sakafu nkashika pindo la upande wa pili. Kinanuka moshi na mafuta ya mgando. Tumekaa hapo mi na Kadogo mpaka simu ikazima.

---

mzee_wa_uru

Mungu akutie nguvu binti.

---

mama_kadogo

APDETI, wiki ya nne

Wanakula pande mbili za mlango, bakuli zimebaki hatua moja moja. Juzi niliacha mlango wazi upana wa kiganja, Kadogo akaingiza mkono, Meku akaunusa, basi, hakuna aliyekufa.

Alafu nkaharibu. Au sikuharibu mi, sijui. Jumanne nkampeleka Meku akahasiwe, amerudi jioni amelegea, nkasema kwa kuwa walishaanza kuzoeana nimlaze sebuleni nimwangalie. Kadogo alimrukia kama hajawahi kumwona! Wiki nne zote kama hazikuwepo. Daktari nini hii?

---

daktari_wa_ngombe

Ni kawaida kabisa, ningekuonya nikasahau, samahani. Amerudi na harufu ya dawa na ya paka wengine na ya mikono ya watu. Macho yanamwambia Kadogo ni Meku, pua inamwambia ni mwingine, na paka anaamini pua. Hii hutokea hata kwa paka waliozaliwa tumbo moja wakakulia nyumba moja, mmoja akienda hospitali siku moja tu. Mrudishe stoo siku chache, mpe kile kitenge, akishanuka nyumbani anza tena lakini safari hii utaenda haraka zaidi.

Na angalia dirishani. Kama kuna dume la jirani linapita nje Kadogo anapandwa na hasira, hawezi kulifikia, anamalizia kwa aliye karibu.

---

alto_wa_kanisani

Hilo la mwisho daktari umenitaja mimi na mume wangu, bosi ananichefua ofisini chapati ya mume inaungua.

---

mama_kadogo

Hili la tumbo moja nimekaa nalo siku tatu. Naomba niandike kirefu, asiyetaka apite.

Nlisema mi na mdogo wangu hatuongei. Iko hivi. Baba yetu alipokuwa hai alinionyesha kipande cha kihamba, lile shamba letu la migomba la ukoo, upande wa chini penye mfereji, akaniambia hapa ni pako hata ukiolewa hata usipoolewa, na masale, ile mimea ya kuwekea mpaka, aliyapanda mwenyewe na mi nashika ndoo ya maji. Haikuandikwa popote. Mdogo wangu ndo kitinda mimba kwa hiyo nyumba na kihamba vilibaki kwake, kimila hiyo haina shida na sijawahi kuidai nyumba. Siku ya msiba nazunguka nyuma naona masale yamesogea. Yameng'olewa yamepandwa upya hatua kama sita juu, majani bado yamelegea. Hatua sita, migomba minne.

Kwenye kikao nkasimama. Wazee wote wapo, mke wake yupo, watoto wake wapo. Ya masale nliyasema na sijutii, lakini sikuishia hapo. Nkayasema ya ulevi wake wa zamani, ambao alishauacha, nkasema ya ada aliyokula ya kidato cha tatu, na nkamaliza kwa kumwelekea baba mdogo nkamwambia, mwambieni mtoto wenu huyo.

Mtoto wenu huyo.

Jumatano nasoma Luka 15, sikuitafuta, ndo ilikuwa somo la jumuiya. Yule kaka mkubwa amekaa nje amekataa kuingia, anamwambia baba yake "huyu mwana wako". Hasemi ndugu yangu. Mdogo wake amerudi ananuka nguruwe na nchi ya mbali, na pua yake inamwambia huyu sio wa nyumbani. Na baba anatoka nje kumfuata, anamrudishia lile neno taratibu, "huyu ndugu yako".

Nlikuwa nasoma kwa sauti mbele ya watu kumi na mbili na pale nkashindwa, jirani akamalizia.

Mdogo wangu alikaa Dar miaka saba akaharibika, akarudi akatengenezeka. Mama alimpokea siku ya kwanza. Mi nadhani sijawahi kumpokea. Nlikuwa namnusa tu.

---

chalii_wa_pasua

Dada nilikuja hapa kucheka.

Mi mwenyewe na braza hatuongei toka mwaka juzi, ni pikipiki tu, alinikopa akaigonga. Ngoja kwanza.

---

mwanasheria_wa_mtaani

Poleni, ila naomba niingize mguu kwenye huu uzi wa machozi. Dada usije ukaenda kuomba msamaha ukarudi umepoteza ardhi. Tumeona sana hapa Kilimanjaro, mwanamke anaambiwa samehe, wewe ni mkristo, alafu migomba minne inakuwa kumi na minne. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Andika ulichoona, piga picha masale yalipo sasa, tafuta mashahidi waliomwona baba anapanda, anzia baraza la kata. Kusamehe ni jambo moja, mpaka ni jambo lingine.

---

jembe_la_msalaba

Wakristo kushitakiana? 1 Wakorintho 6 inasemaje?

---

mwanasheria_wa_mtaani

Inasema mbona msikubali kudhulumiwa, naijua. Ila angalia inasomwaga kwa nani. Sijawahi kusikia ikisomwa kwa aliyesogeza masale. Kumbukumbu la Torati 27 inamlaani aondoaye mpaka wa jirani yake na watu wote wanaitika Amina, hiyo nayo isomwe.

---

mzee_wa_uru

Wote wawili mna neno. Mimi niseme la mlimani.

Binti yangu unajua isale lina kazi mbili. Linapandwa mpakani kusema hapa ni pangu pale ni pako. Na jani la mmea huo huo ndilo mtu aliyekosa analipeleka kwa aliyemkosea kuomba radhi, na wazee wetu walilichukulia zito mno, ukiletewa isale hukatai. Nimefikiri miaka mingi kwa nini wazee hawakuchagua mmea mwingine kwa kazi ya pili. Mlima umejaa majani. Walichukua lile lile la mpakani.

Abramu naye ugomvi wa wachungaji ulipozidi hakumwambia Lutu tubanane hapa hapa tuombe. Alimwambia chagua upande, ukienda kushoto mimi kulia. Waliachana sura ya 13. Sura ya 14 Lutu ametekwa, na Abramu anatoka na vijana 318 usiku kumfuata. Kuachana hakukuwafanya wasiwe ndugu.

Kwa hiyo mpaka wako udai. Lakini yale maneno mengine uliyosema mbele ya watoto wake, hayo ni yako wewe, hayahusiani na migomba.

---

daktari_wa_ngombe

Mzee hii ya isale mi nimezaliwa hapa hapa na sikuwahi kuiunganisha hivyo. Shikamoo.

---

mama_kadogo

APDETI, wiki ya saba

Meku na Kadogo. Hawalali pamoja na nadhani hawatalala pamoja kamwe, wale wa kwenye picha wanaokumbatiana sio hawa. Kadogo ana kochi na dirisha kubwa. Meku ana stoo, kiti cha jikoni, na juu ya friji. Korido ni ya wote, wanapishana kila mmoja anaangalia ukuta wake. Asubuhi wanakula jikoni bakuli mbili, umbali kama wa mkono wangu, na Kadogo akimaliza anaenda kuangalia bakuli la Meku, na Meku anasogea pembeni anamwachia alambe. Ana kitambi chake tayari lakini anaachiwa.

Jumamosi nimepanda Machame. Mvua ya masika ilikuwa inanyesha, bodaboda kutoka barabarani alikataa kufika mpaka ndani nkatembea na matope. Nlipita kwanza kule chini nkapiga picha masale kama mwanasheria alivyosema, yameshika, yana majani mapya. Alafu nkakata jani moja la upande wangu wa zamani, kuna shina moja alilisahau kuling'oa limejificha nyuma ya mgomba, lile alilopanda baba. Nlitaka nimtume baba mdogo alipeleke kama inavyotakiwa, hakuwepo, nkaenda nalo mwenyewe.

Mdogo wangu naye hakuwepo, kaenda na maziwa. Mke wake alikuwa anamenya ndizi. Aliliona jani mkononi kwangu kabla hajaniona uso, akasimama, akajifuta mikono, hakujua alipokee au asilipokee. Nkamwambia hili ni la yale niliyosema kwenye kikao, ya ulevi na ya ada. Ya mpaka tutaongea siku nyingine mbele ya wazee, hayo sijayaleta leo. Akasema dada karibu chai. Jani akaliweka mezani, akatoa kopo la sukari akalisogeza ili lisilowane na kikombe. Nkanywa chai, watoto wakanionyesha madaftari, nkashuka.

Jumapili hakupiga. Jumatatu hakupiga. Jana saa nne usiku simu inaita naona jina lake. Nkapokea nkasema haloo, kimya, namsikia anavyohema tu, na mvua kwenye bati upande wake.

Akasema, "Paka wa mama anaendeleaje?"

Nkamwambia kanenepa.

Akasema, "Huku panya wamemaliza mahindi."

---

chalii_wa_pasua

Alafu??

---

mama_kadogo

Alafu nkamwambia Kadogo hatakubali kubaki peke yake. Akacheka. Kasema nimlete mwezi wa kumi na mbili watoto wamwone. Sijui alimaanisha paka au mimi.

---

alto_wa_kanisani

Wote wawili. Beba boksi lenye matundu mawili.

---

chalii_wa_pasua

Nimempigia braza. Hajapokea. Ntajaribu tena kesho jioni akitoka kijiweni.